Maji Usiyoyafika: Uhakiki wa Ramani ya Bandari ya Port Louis

Darasani tunafundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika insha hii nitahakiki ramani. Ni ramani ndogo ya Kifaransa iliyochapishwa Paris mwaka 1764, nayo inaonyesha bandari ya Port Louis katika kisiwa ambacho Wafaransa walikiita Isle de France na ambacho leo tunakiita Morisi. Nakala yake iliyotiwa fremu ilitolewa zawadi mwaka jana kwa chumba cha kusomea cha idara yetu. Kwa kuwa mimi ni Mrundi na nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, mwalimu aliniita akaniambia, "Wewe lugha hiyo unaijua. Tuandikie maelezo ya kubandika chini yake. Maneno kama mia moja hivi, yasizidi sana."

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua mwezi mzima na niliandika maelezo mara tatu. Mara mbili za mwanzo yalikataliwa, na leo nakubali kwamba yalistahili kukataliwa. Kwa kuwa nilijifunza uhakiki zaidi katika mwezi ule kuliko katika muhula uliotangulia, nimeona niueleze safari yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, ramani. Aliyeichora ni Jacques-Nicolas Bellin, aliyezaliwa Paris mwaka 1703. Alianza kazi angali kijana katika ofisi ya ramani ya Jeshi la Majini la Ufaransa, akapanda cheo, akaitumikia ofisi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1772. Ramani hii ni moja kati ya zaidi ya 500 zilizomo katika kitabu chake cha juzuu tano kiitwacho Le Petit Atlas maritime, alichokitayarisha kwa amri ya waziri Choiseul. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na Ufaransa ilikuwa imepoteza Kanada na sehemu kubwa ya nguvu zake India. Serikali iliyopoteza namna hiyo ilitaka kujua vizuri bandari ilizobaki nazo na hata bandari za wengine.

Karatasi yenyewe si kubwa kuliko daftari la mwanafunzi. Mistari ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, ndipo ikachapwa. Jina la bandari limewekwa ndani ya pambo lililozungushiwa majani na mikunjo, kama fremu ya kioo katika nyumba ya tajiri. Kuna alama ya dira na kuna skeli. Mlango wa bandari unatazama kaskazini magharibi; ukiingia kutoka baharini, kisiwa kidogo cha Tonneliers kinakuwa mkono wako wa kushoto, na mji uko ndani kabisa, chini ya milima. Mji umechorwa kwa vipande vidogo vya pembe nne. Majini kumetapakaa tarakimu, moja hapa, nyingine pale, kama mbegu zilizomwagwa.

Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa tafsiri tu, na nyongeza ya sifa. Nilitafsiri maneno ya Kifaransa, nikataja mwaka na mchoraji, nikamaliza kwa kusema kwamba ramani hii ni ushahidi wa ustadi na uzuri wa sanaa ya karne ya 18. Nilijivunia sana sentensi hiyo ya mwisho. Mwalimu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Uzuri wa nini?" Nikasema uzuri wa mistari. Akasema, "Basi hata kalenda ya benki ina mistari mizuri. Rudi ukaiangalie tena."

Nilirudi nikaiangalia, nikiwa nimenuna kidogo. Nilimkuta mwanafunzi mwenzangu wa Kilwa Kivinje amesimama mbele ya fremu. Baba yake ni mvuvi, na yeye mwenyewe amekulia baharini kabla ya kuja chuoni. Aliniuliza tarakimu zile ni za nini. Nikamweleza kwamba ni kina cha maji kwa kipimo cha mabaharia wa Ufaransa kiitwacho brasse, ambacho ni kama mita 1.62, na kwamba jina lake linatokana na neno la mikono, kwa sababu ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Akacheka. "Dada, hiyo ni pima."

Akanyoosha mikono yake kuta mbili za kona ile zikakaribia kuguswa, akanionyesha jinsi baba yake anavyoivuta kamba ya bildi kutoka majini, akiihesabu kifuani: pima moja, pima mbili, pima tatu. Bildi ni ule uzito unaofungwa kwenye kamba na kutupwa majini ili kujua kina. Mimi nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni, na mama yangu anauza ndagala na mukeke wanaovuliwa katika Ziwa Tanganyika. Nilidhani naijua lugha ya maji. Kumbe neno pima nililijua kama kitenzi tu. Neno la Kifaransa nililijua, na asili yake niliijua. Neno la lugha ninayoisomea shahada sikulijua.

Kisha akaanza kuisoma ramani kama mtu anayesoma barua. Aliuliza kama kina hicho ni cha maji kujaa au cha maji kupwa, kwa maana kwao Kilwa, wakati wa bamvua, tofauti yake hupita mita tatu, na mahali ulipopita na mashua asubuhi unaweza kupakuta mchana unatembea kwa miguu. Nilitafuta nikamjibu kwamba Port Louis maji hayapandi hata mita moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi tarakimu hizi zinafaa saa zote. Huyu bwana alifanya kazi. Kwa ramani hii mimi naingia."

Sifa ile ilinichoma. Mimi nilisifu pambo. Yeye alisifu kazi. Na aliyeisifu ndiye aliyejua maana yake.

Nilikwenda maktaba kusoma habari za kisiwa kile, na niliyoyasoma yalinigeuza kabisa. Isle de France ilikuwa chini ya Kampuni ya Ufaransa ya Mashariki ya India. Port Louis ilikuzwa na gavana Mahé de La Bourdonnais kuanzia mwaka 1735: gati, maghala, hospitali, mfereji wa maji ya kunywa. Waliochimba, waliobeba mawe na waliojenga walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa, wakiletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na Afrika Magharibi, na baadaye kwa wingi zaidi kutoka pwani yetu. Mwaka 1767, miaka mitatu tu baada ya ramani kuchapishwa, kisiwa kilihesabiwa kuwa na watu karibu 19,000, na kati yao watumwa walikuwa 15,000 hivi. Yaani katika kila watu watano, karibu wanne hawakuwa huru. Nikaitazama tena ramani ile. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Kuna vipande vya pembe nne, lakini hakuna neno linaloeleza ni nani aliyeviweka pale.

Nikaandika maelezo ya pili kwa hasira. Nilisema ramani hii ni uongo. Nilisema Bellin aliwafuta watu weusi ili bandari ionekane safi. Nilisema mikunjo na majani ya lile pambo ni pazia la kuficha damu. Nilipomsomea mwenzangu wa Kilwa, nilitarajia atanipongeza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Umeandika kuhusu Wafaransa. Ramani hujaiandika." Na mwalimu, alipoisoma, aliandika pembeni swali moja: "Uongo uko kwenye tarakimu ipi?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu sikuwa na jibu. Hapa ndipo ninapoona kiini cha uhakiki wangu, kwa hiyo naomba nikae hapa kwa kirefu.

Ni kweli kwamba ramani huweza kusema uongo, na Bellin mwenyewe ana kesi mashuhuri. Mwaka 1744 alichapisha ramani ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na ndani ya Ziwa Superior akaweka visiwa vikubwa ambavyo havikuwepo kabisa. Kimoja kilipewa jina la ukoo wa waziri wa Jeshi la Majini, Maurepas. Wachoraji wengine walivinakili, na Mkataba wa Paris wa mwaka 1783, uliogawa mpaka kati ya Marekani na nchi iliyokuja kuwa Kanada, ukakitaja kimoja kati ya visiwa hivyo kana kwamba kipo. Bellin hakuwa amefika huko. Hata Isle de France hakufika. Alikaa mezani akakusanya taarifa na michoro ya waliofika. Wahenga wetu wanasema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Yeye aliishi maisha yake yote akiandika wingi wa maji asiyoyafika.

Lakini ramani ya bandari si kama ramani ya ziwa la mbali. Kisiwa cha uongo katikati ya Ziwa Superior kinaweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru aliyekichora. Tarakimu ya uongo mlangoni mwa bandari inagunduliwa na meli ya kwanza inayoiamini. Meli kubwa za Kampuni zilizama majini kiasi cha mita tano. Brasse tatu hazifiki mita tano. Kwa hiyo mahali palipoandikwa tatu na mahali palipoandikwa nne si tofauti ya mwandiko. Ni tofauti ya meli inayoelea na meli inayolala ubavu. Wafaransa walijua gharama hiyo katika kisiwa hicho hicho. Mwaka 1744 meli ya Kampuni iitwayo Saint-Géran ilivunjika kwenye miamba karibu na Île d'Ambre, upande wa kaskazini mashariki. Ilikuwa imebeba mitambo ya kiwanda cha sukari, pamoja na watumwa waliopakiwa Gorée. Walionusurika walikuwa wachache mno.

Kwa hiyo nakubaliana na mwenzangu wa Kilwa: katika kazi iliyokusudiwa, ramani hii ni ya kweli, na ukweli wake ulilipiwa na waliotupa bildi. Kosa la maelezo yangu ya pili lilikuwa kutafuta uongo mahali ambapo ramani ilikuwa na sababu zote za kusema kweli. Nilitaka mchoraji awe mwongo kwa sababu mwongo ni rahisi kumhukumu. Ugumu ni kwamba hakusema uongo, na hata hivyo niliyoyasoma maktaba hayamo.

Jaribu kuuliza ramani hii inajibu swali gani. Inajibu swali moja tu: je, meli yangu itaingia salama na kutia nanga salama? Ukiuliza hilo, inajibu kwa uaminifu kuliko vitabu vingi. Na uaminifu huo ndio uliotumika. Tarakimu zilizomwokoa nahodha ndizo zilizomfikisha aliyefungwa chini ya sitaha mahali alipouzwa. Kadiri zilivyokuwa sahihi, ndivyo biashara ile ilivyokwenda vizuri. Nilipoandika kwamba uzuri wa pambo ni pazia la damu, niliangalia kona isiyo na kazi. Kilichofanya kazi si pambo. Ni zile tarakimu kavu majini, zisizo na rangi wala majigambo.

Upepo nao unafaa kutajwa. Sehemu kubwa ya mwaka, Morisi hupigwa na kusi kutoka kusini mashariki, na mlango wa Port Louis unatazama kaskazini magharibi. Maana yake upepo unavuma kutoka mjini kuelekea baharini. Kutoka bandarini ni rahisi: unainua tanga, upepo unakusukuma. Kuingia ni kazi ya jasho. Meli ilisimama nje, nanga ndogo ikapelekwa mbele kwa mashua na kutupwa, kisha watu wakaivuta meli kwa kamba hadi pale, na kazi ikaanza upya. Kampuni ilikuwa na watumwa wake waliofanya kazi za bandari na mashua. Yaani kwa watu wengi waliovuta kamba zile, lile lililokuwa gumu kwa meli kuingia ndilo lililokuwa rahisi kwa meli kutoka, lakini wao hawakutoka. Hayo yote yanaweza kusomwa katika ramani na mtu anayejua dira na upepo. Ila ramani haikusomei. Lazima uje nayo.

Wapo watakaosema: ndivyo watu wa zama zile walivyoona mambo, msiwadai wasichokijua. Hoja hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni Mfaransa. Bernardin de Saint-Pierre aliishi kisiwani humo kuanzia 1768 hadi 1770, akachapisha kitabu cha safari yake mwaka 1773, na ndani yake alieleza waziwazi mateso ya watumwa. Aliyetaka kuona aliona. Lakini mwandishi huyo huyo, mwaka 1788, alitoa riwaya ya Paul et Virginie, na humo akaitumia ajali ya Saint-Géran kumzamisha msichana wake wa kizungu. Nilisoma riwaya hiyo nikiwa sekondari Bujumbura, na nilimlilia Virginie hadi dada yangu akanicheka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba katika meli ya kweli mlikuwamo pia watu waliopakiwa Gorée. Machozi yangu yote yalikwenda kwa mtu wa kubuni. Nataja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba kuachwa nje si tabia ya ramani peke yake. Riwaya ina nafasi ya kutosha kwa watu wote, na bado inachagua. Ramani ya Bellin haina nafasi ya watu, lakini angalau haijifanyi kuwa nayo.

Kulikuwa na jambo jingine nililokuwa nimelificha, na ni vizuri niliseme. Nilipokuwa nasoma maktaba nilikutana na habari za Kilwa. Mwaka 1776, miaka 12 baada ya ramani, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na soko lao lilikuwa Isle de France. Sikumwambia mwenzangu. Nilijiambia kwamba namhurumia. Ukweli ni kwamba habari hiyo ilikuwa inaharibu maelezo yangu ya pili, ambamo wabaya wote walikuwa Paris.

Hatimaye nilimweleza, tukiwa tumekaa chini ya mwembe nje ya chumba cha kusomea. Alikaa kimya. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema polepole, "Basi na sisi tumo. Tena upande wa wenye kupokea piasta." Baadaye akaongeza, "Iandike. Usiponiandikia hiyo, nitajua maelezo yako ni ya kunifurahisha."

Mimi natoka nchi isiyo na bahari. Siwezi kudai kwamba watu wa kwetu walipita katika mlango ule mwaka 1764. Njia za biashara zilizofika Ziwa Tanganyika kutoka pwani ni habari ya karne iliyofuata. Ningependa kudai, kwa sababu ingenipa haki ya kukasirika. Lakini nimejifunza kutoka kwa ramani yenyewe kwamba mahali usipotupa bildi huandiki tarakimu. Hilo ni jambo zuri ambalo Bellin wa Port Louis angeweza kumfundisha Bellin wa Ziwa Superior, na limenifundisha na mimi.

Sasa nirudi kwenye hukumu, kwa maana uhakiki usio na hukumu ni maelezo tu. Je, ramani hii ni kazi nzuri? Ilipokuwa juu ya meza ya nahodha, ilikuwa kazi nzuri. Haikuwa na deni jingine kwa nahodha isipokuwa kina, mlango na miamba, na ililipa. Kumlaumu mchongaji wa shaba kwa kutochora watu ni kama kuilaumu bildi kwa kutoimba. Lakini ramani hii haiko tena mezani kwa nahodha. Hakuna meli duniani inayoingia Port Louis leo kwa tarakimu za 1764. Imetolewa kazini, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani mbele ya wanafunzi. Siku ilipotundikwa ndipo swali lilipobadilika. Haiulizwi tena kama meli itaingia. Inaulizwa bandari ile ilikuwa nini. Na swali hilo haiwezi kulijibu, hata ikisema kweli kiasi gani.

Kwa hiyo deni limehama. Haliko tena kwa Bellin. Liko kwa anayeitundika. Ndiyo maana nasema maelezo yangu ya kwanza, yaliyosifu uzuri, yalikuwa mabaya kuliko kutoandika kitu: yalichukua ukimya wa chombo cha kazi na kuufanya ukimya wetu. Na maelezo ya pili yalikuwa mabaya kwa njia nyingine: yalimsukumia mtu aliyekufa mwaka 1772 kazi iliyokuwa yangu.

Huko Port Louis wenyewe wamelielewa jambo hili. Jengo la hospitali ya zamani ya kijeshi, lililojengwa zama za La Bourdonnais kando ya bandari ile ile, tangu mwaka 2023 ni makumbusho ya utumwa. Hawakulibomoa jengo, wala hawakulisifu kwa mawe yake mazuri wakaishia hapo. Wameliacha lisimame na wamesema lilijengwa na nani.

Maelezo yangu ya tatu ndiyo yaliyobandikwa. Yalikaribia maneno mia, mwalimu akayakubali. Mwenzangu wa Kilwa alinisaidia neno la pima na akasisitiza kwamba litangulie, kabla ya mengine yote, ili msomaji ajue kwanza kwamba kazi ilifanywa. Yanasema hivi:

"Bandari ya Port Louis, Isle de France (sasa Morisi). Mchoraji: J.-N. Bellin, Paris, 1764. Tarakimu zilizo majini ni kina kwa brasse, yaani pima. Zilikusanywa na mabaharia kwa bildi ili meli ziingie salama. Mji unaouona ulijengwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Mwaka 1767 kisiwa kilikuwa na watu karibu 19,000. 15,000 hivi kati yao walikuwa watumwa, kutoka Madagaska, Msumbiji na kwingineko. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alikubali kumuuzia Mfaransa mmoja watu 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mtu. Soko lao lilikuwa hapa. Utumwa ulifutwa kisiwani mwaka 1835. Ramani hii haikutengenezwa ili kuyaonyesha hayo. Sisi tulioitundika ndio tunaoyaandika."

Juzi niliingia chumbani nikawakuta wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wamesimama mbele yake. Mmoja alisoma maelezo kwa sauti hadi mwisho. Mwingine alinyoosha mikono yake miwili, akaitazama, akauliza kama pima yake na pima ya mtu mfupi ni sawa. Wakaanza kubishana. Sikuwaingilia, nilichukua kitabu changu nikaketi.